Kikopo Chenye Jina Langu

Msomaji, wiki iliyopita uliniacha kwenye foleni ya kliniki hapa Midrand, Afrika Kusini, nimekumbatia mkoba kwa mikono miwili, na ndani ya mkoba mna kikopo cha makohozi ambayo hayakuwa yangu. Kama ndiyo kwanza unanisoma, kaa hapo, nikueleze kwa kifupi ubaya wangu.

Naitwa Lois. Ni Mkenya, mwalimu wa chekechea, na naishi chumba cha uani kwa kaka yangu Kamande. Nilikuwa na kikohozi cha miezi minne. Mtu wa famasi aliniambia ni mzio wa vumbi. Daktari wa kwanza akasema ni asidi inayopanda kutoka tumboni nikilala, akanipiga marufuku chai na pilipili. Wa pili akanipa pampu ya pumu. Mama yangu, aliyekuja kutoka Nyeri kumlea mjukuu, akanikorogea tangawizi, limau na asali mpaka nikaanza kunuka keki. Kikohozi kikabaki palepale, kikavu, cha kuwasha koo, na wazazi wa watoto wakaanza kulalamika.

Mkuu wa shule, Maryanne, hakuzungukazunguka. Alisema, "Lete barua kwamba huna TB, ama ubaki nyumbani." Na kibali changu cha kuishi nchi hii kimefungwa kwenye kazi ile. Kazi ikienda, na mimi naenda.

Nikaogopa kijinga. Nilikuwa nimeshajihukumu kwamba ni TB. Kwa hiyo nilichukua kikopo kliniki, nikampa wifi yangu Emiliana, mke wa Kamande, mwanamke wa Iringa ambaye sijawahi kumsikia hata akipiga chafya. Nikamdanganya kwamba bima yangu wanataka kipimo cha mtu mzima mmoja ninayeishi naye. Akacheka, akasema bima za Joburg zina mambo. Kesho yake asubuhi akanirudishia kikopo kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa mkate. Nikabandika jina langu, nikapeleka.

Basi hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikiliza.

Jumatano mchana, watoto wamelala kwenye magodoro yao, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa kliniki. Majibu yako yako tayari, fika leo bila kukosa.

Hiyo "bila kukosa" sikuipenda. Majibu mazuri hayana haraka. Lakini nikajituliza. Emiliana ni mzima wa chuma, nikajiambia, hawa wanataka tu nitie sahihi.

Sista Lorraine alinipokea mlangoni, akanipa barakoa kabla hajanipa kiti. Huyu sista nakuonya mapema, ni hatari kwa mwongo. Baba yake alikuwa mpigania uhuru wa nchi hii aliyekimbilia Tanzania, mama yake ni Mluguru, yeye mwenyewe amezaliwa Morogoro. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kwake huwezi kujifanya hujaelewa swali.

"Dada Lois," akasema, "vimelea vya TB vimeonekana."

Nikamwangalia.

"Vya nani?"

Akainua macho kutoka kwenye faili. "Vyako. Ulitaka viwe vya nani?"

Machozi yakanitoka. Nilimwona Emiliana jikoni amempakata mtoto, anamnyonyesha, anaimba. Mtoto wao Emmy ana miezi mitano tu.

Sista alidhani nalia kwa ajili yangu. Akavuta kiti karibu. "Usiogope, TB inapona. Ni vidonge vya miezi sita, bure, cha msingi usiruke siku. Wiki chache za kwanza utakuwa nyumbani, dirisha wazi, barakoa usoni. Baada ya hapo unarudi kwa watoto wako."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilisikia nusu.

"Kuna dawa nyingine yoyote unayomeza?"

Hapa nikasita. Nilikuwa na siri nyingine, ndogo, niliyoificha hata nyumbani. Nina presha. Nina miaka thelathini na sita, na nikimwambia Mama nina presha atapigia simu ukoo mzima hadi wanaoishi Nakuru, waniombee na kuniuliza kwa nini siolewi. Kwa hiyo namezea chooni.

"Vidonge vya presha," nikasema.

"Vinaitwaje? Tangu lini?"

Nikavitoa mkobani. Alisoma pakiti, akaisoma tena, akakunja uso.

"Ulianza hivi lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na kikohozi?"

Nikahesabu vidoleni. "Mwisho wa mwezi wa pili."

"Eish." Akaweka pakiti mezani. "Hivi vidonge vinawakohoza baadhi ya watu. Kikohozi kikavu, kooni panawasha, ukilala ndiyo kinazidi. Unaweza kunywa dawa za kifua mwaka mzima na kisiondoke. Hakuna aliyekuuliza?"

"Waliuliza. Nilisema simezi kitu."

Akasema nisiviache mwenyewe, daktari wa kliniki angenibadilishia siku ileile, kuna vya aina nyingine visivyokohoza, na kikohozi kingeisha baada ya wiki kadhaa.

Unaona basi? Miezi minne ya pampu, tangawizi na hofu, na kumbe jibu nilikuwa nalimeza kila asubuhi nimefunga mlango wa choo. Ningekohoa mwenyewe ndani ya kile kikopo, ningetoka na barua yangu safi. Nilijichukia pale kwenye kile kiti cha plastiki, nakwambia kweli.

Lakini sista hakuwa amemaliza.

"Kuna kitu sikielewi. Ukikohoa, unatoa kitu?"

"Hapana. Ni kikavu tu."

"Kikopo chako kilikuwa kimejaa."

Nje mtoto wa mtu alikuwa anagonga benchi kwa kiatu.

"Dada Lois, kuna jambo unataka kuniambia?"

Hii ndiyo nafasi niliyopewa na Mungu mwenyewe, ikiwa imeletwa kwa Kiswahili fasaha. Na mimi nikafanya nini?

"Hapana, Sista."

Akaandika kitu. "Sawa. Nyumbani kuna watoto?"

"Mmoja. Wa kaka yangu. Ana miezi mitano."

Kalamu ikasimama. "Huyo mlete kesho. Usingoje wikiendi. Hata akionekana mzima apimwe, na apewe dawa ya kinga. TB kwa mtoto mchanga haimpi mtu muda. Inaweza kupanda mpaka kwenye ubongo kabla hamjajua anaumwa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Akanipimia vidonge vya TB, vikubwa, vyekundu, akanisimamia nimeze vya siku ya kwanza mbele yake. Nikameza dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine nikishushia na maji ya kikombe cha karatasi. Kesho yake mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chungwa.

Njiani nilipanga mpango. Nilikaa kwenye taksi nikauona ni mpango mzuri kabisa. Nitasema nyumbani kwamba mimi nina TB. Watashtuka, watawapima Emmy na Emiliana kwa sababu yangu, Emiliana ataonekana, atatibiwa, mtoto atapewa kinga, na hakuna atakayejua habari za kikopo. Nitabeba aibu ya ugonjwa badala ya aibu ya uongo. Ugonjwa unasameheka.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa ametoka kumwogesha Emmy, amemfunga kwa leso. Lazima nikueleze jambo moja kuhusu Mama na huyu mtoto. Kwetu binti wa kwanza wa mtoto wa kiume hurithi jina la nyanya yake. Mama ni Wairimu, kwa hiyo na Emmy ni Wairimu. Mama hamwiti mjukuu, anamwita "mimi". Atasema, "Mimi nimeshiba, sasa nataka kulala," na unamkuta anamzungumzia mtoto. Tangu aje, anamweka mgongoni mchana na kitandani kwake usiku, ili Emiliana apumzike. Emiliana humpata wakati wa kunyonyesha.

Nikasimama mlangoni na barakoa yangu. "Nina TB," nikasema.

Mama akarudi nyuma hatua tatu, akamfunika Emmy uso.

"Usisogee," akasema. "Lois, baki hapohapo."

"Nimeshaanza dawa. Lakini inabidi Emmy apimwe kesho. Na Emiliana."

Emiliana akashika kiuno. "Mimi? Jamani wifi, mimi nina nini? Nakula, nalala, nguo hazinitoshi."

"Hata hivyo. Sista amesema."

"Tungoje Kamande," Mama akasema.

Kamande akarudi saa kumi na mbili. Kaka yangu ni mtu wa benki, kila kitu kwake ni hatari inayopangiwa utaratibu. Alinisikiliza akiwa amesimama upande wa pili wa uwanja, kama polisi. Kisha akatoa hukumu. Mimi nisiingie nyumba kubwa mpaka sista aseme. Kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu vihamie uani. Chakula niletewe mlangoni.

"Na Emmy?" nikamuuliza.

"Emmy hajakaa na wewe. Wewe unatoka saa kumi na mbili asubuhi, unarudi mtoto yuko ndani na Mama. Hujambeba wiki ngapi sasa?"

"Lakini sista amesema kila mtoto wa nyumba..."

"Lois, mtoto wangu hapewi madawa ya miezi kwa sababu ya kikohozi chako. Tumekutenga, inatosha."

Mpango wangu mzuri ukafia uwanjani, mbele ya kamba ya nguo.

Msomaji, nilikaa siku tatu kwenye kile chumba. Kama hujawahi kutengwa kwa ugonjwa usiokuwa wako, siwezi kukueleza. Nilitembea kutoka dirishani hadi kitandani, kitandani hadi dirishani. Maryanne alikuwa ameniandikia kwamba shule imetuma barua kwa wazazi, na kazi yangu "itaangaliwa". Nilisoma nikatupa simu kitandani. Hata kibali hakikuniuma tena kama kile kilichokuwa ng'ambo ya uwanja.

Kupitia dirishani nilimwona Emiliana akimnyonyesha Emmy kwenye jua, uso kwa uso, akimwimbia puani. Kila wimbo nikauhesabu kuwa sumu. Nikatamani kupiga kelele aache kupumua.

Mara tatu kwa siku Mama alikuja na sahani, Emmy mgongoni, akaiweka kwenye ngazi, akagonga, akarudi nyuma kabla sijafungua.

"Kula," alisema kutoka mbali. "Na ufungue dirisha."

"Mama, mpelekeni mtoto kliniki. Nakuomba."

"Mimi niko salama," akajibu, akimaanisha mtoto, akampigapiga matako na kuondoka.

Ijumaa nikapata wazo ambalo naona aibu kuliandika, lakini nimeahidi kuandika yote. Nilikuwa na vidonge. Nilifikiria kuvisaga nimwekee Emiliana kwenye uji, nimtibu bila yeye kujua. Nilishika kijiko kabisa. Nikakisaga kimoja kwenye kifuniko cha kikombe, unga mwekundu, nikakaa kuutazama. Mwanamke anayenyonyesha. Sijui uzito wake, sijui kipimo, sijui kitamfanya nini mtoto. Na mimi ni mwalimu wa kufundisha nyimbo za herufi.

Nikaumwaga kwenye sinki. Nilipoona maji yanavyogeuka rangi, ndipo nikajua hakuna njia iliyobaki zaidi ya mdomo.

Jumamosi asubuhi Kamande alienda kupeleka gari gereji. Nilivaa barakoa, nikavuka uwanja bila ruhusa. Emiliana alikuwa jikoni peke yake anachambua mchele. Mama alikuwa ndani na mtoto.

"Wifi, umekatazwa," akasema, lakini hakuondoka. Emiliana ana moyo.

"Nisikilize mpaka mwisho, halafu unipige ukitaka."

Akaweka sinia chini.

"Sina TB," nikasema. "Kikohozi changu ni vidonge vya presha. Kliniki wamenibadilishia, sasa kinapungua, unanisikia mwenyewe. Kile kikopo nilichokupa hakikuwa cha bima. Kilikuwa changu, cha kupima TB, na niliogopa, nikakupa wewe uniwekee makohozi yako kwa sababu wewe ni mzima. Nikaandika jina langu. Majibu yaliyotoka ni ya kile kikopo."

Sura yake ilibadilika polepole. Nilitegemea matusi. Nilitegemea kofi, na ningelipokea.

"Emiliana, mwenye TB ni wewe. Na unamnyonyesha mtoto. Nimenyamaza siku tatu nikijihurumia. Nisamehe. Vaa twende sasa hivi, kliniki wanafunga saa saba."

Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "mimi makohozi nitayatoa wapi?"

"Unasemaje?"

"Sina kifua. Nilijaribu asubuhi ile. Nilikohoa kwa nguvu mpaka machozi, nikapata mate. Na karatasi uliyonipa imeandikwa mate hayafai. Nikaona nitakukosesha bima yako." Akatazama chini kwenye sinia. "Nikamwomba mwenye nayo."

"Nani?"

"Mama. Kila alfajiri lazima asafishe kifua, anasema ni hii baridi kavu ya Joburg. Akanikataza nisimwambie Kamande, atamrudisha Nyeri kabla mtoto hajatambaa. Nikampa kikopo, nikamwambia ni cha bima ya Lois. Akafurahi. Akasema angalau kifua chake kimepata kazi."

Nilikaa kwenye kiti.

Mchana mgongoni, usiku kitandani. Karibu miezi mitano. Na nyumba nzima imenitenga mimi, ikamwachia yeye mtoto amlinde.

"Kwa hiyo wiki hii nimekuwekea chakula nje kama mbwa," sauti ikasema nyuma yetu, "na mgonjwa ni mimi."

Mama alikuwa mlangoni. Emmy alikuwa mgongoni kwake, macho yameiva kwa usingizi, shavu limelala kwenye bega la nyanya yake.

"Mama," nikasema. "Inapona. Nimezungumza na sista, ni vidonge tu, bure. Mpe Emiliana mtoto, tuondoke wote sasa hivi."

"Nimpe nani?"

"Mtoto, Mama. Kwa siku chache tu," Emiliana akasema, akinyoosha mikono.

Mama akakaza fundo la leso kifuani.

Sijawahi kumwona Mama analia. Hata tulipomzika Baba alisimama wima akagawa chai. Sasa machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Nimemwogesha tangu ana siku nne," akasema. "Nimempulizia uji. Nimemtafunia. Lois, kama nimemuua huyu, nimejiua. Na wewe umelijua hili tangu Jumatano."

"Nilidhani ni Emiliana."

"Ulidhani ni mama yake, ukanyamaza. Hiyo ndiyo afadhali?"

Nikasogea hatua moja. Mama akarudi moja. Nikasogea tena, na hapo akageuka, akaenda kwa haraka ambayo sikujua miguu yake bado inayo, akaingia chumbani kwake na mtoto. Tukasikia ufunguo ukizunguka.

Emiliana akaufikia mlango kabla yangu, akaupiga kwa viganja viwili. "Mama, fungua. Mama, nakuomba, usipumue karibu naye. Fungua dirisha basi."

Ndani Emmy akaamka, akaanza kulia kilio cha njaa.

"Dirisha nimefungua," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ilinitisha zaidi. "Nimemlaza kitandani na nimesimama mbali, pembeni. Simgusi tena. Lakini mlango huu siufungui mpaka Kamande ajue. Ajue yote, kikopo na jina na siku tatu. Na asikie kwa Lois, si kwa mwingine. Nimemlea mimi, namjua. Nikifungua sasa atatafuta uongo mwingine wa kutufikisha kliniki."

"Mama, tutachelewa," nikasema.

"Basi piga."

Emiliana aliniangalia. Hakukuwa na wifi tena katika macho yale, kulikuwa na mama wa mtoto. Akachomoa simu yangu mfukoni mwangu, akaitafuta namba mwenyewe, akanishikisha mkononi ikiwa tayari inaita.

Iliita mara mbili. Nyuma yangu kilio kilikuwa kimepanda, kimejaa nyumba nzima.

"Lois," kaka yangu akasema, "mbona mtoto analia karibu na simu yako?"